Chakula cha Jioni Ugenini: Yapasa Kuuliza

Katika darsa yetu ya usiku wa Alkhamisi liliulizwa suala ambalo twaona lafaa kuandikwa, kwani halimhusu aliyeuliza peke yake. Muulizaji alisema: "Mtu akisafiri na watu wake mpaka mji asioujua, nao wataka kula chakula cha jioni pamoja, atachagua vipi pahali pa kula?" Baadhi yetu walicheka, wakaona hilo si suala la darsa. Mwenyewe hakucheka; na alipotueleza yaliyompata, na wao waliacha kucheka.

Alikuwa amempeleka mamake Nairobi kuonana na daktari. Walikuwa watu tisa: mama mzee, mkewe, dada yake na watoto. Jioni ya siku ya pili alitaka kuwakirimu, akawaongoza mpaka hoteli moja ya katikati ya mji, yenye taa nyingi na vioo, na mlangoni imeandikwa neno "halali". Wakakaa, wakaagiza. Chakula kilipofika, meza ya ubavuni mwao ikaletewa pombe. Mama akaurudisha mkono wake, akasema, "Kuleni, wanangu, mimi sina njaa." Mwanawe alifahamu, lakini aliona haya kuinuka mbele ya watumishi na wageni, hali chakula kimekwisha kuwekwa. Wakala kimya. Akalipa fedha nyingi, na mamake akalala kwa biskuti na maji. "Mpaka leo," alituambia, "hajanitamkia neno juu ya usiku ule."

Twaona kosa la ndugu yetu halikuwa kuingia, kwani mtu huingia pahali asipopajua. Kosa lilikuwa kutouliza kabla ya kukaa, kisha kuona haya kuondoka baada ya kujua. Haya ni katika imani, hilo halina shaka. Lakini ile imzuiayo mtu kuuliza juu ya kitakachoingia matumboni mwa watu wake siyo iliyosifiwa. Nayo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi yamkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Hata ikiwa nyama ile ilichinjwa vyema, mama yule alikuwa na haki ya kuurudisha mkono wake.

Pana kosa jingine lililo kinyume cha hili, nalo twaliona kwa baadhi ya wasafiri wetu. Mtu akifika bara huharamisha kila chungu asichokipika mwenyewe, akawashindisha watoto kwa mkate mkavu, akadhani huo ndio ucha Mungu. Katika Bukhari imo hadithi ya Bibi Aisha (R.A.): watu walimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama waletewayo na watu waliosilimu karibuni, wala hawajui kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, akawaamrisha wataje jina Lake wenyewe, wale. Na aya ya tano ya Suratul Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Mwislamu hakupewa kazi ya kumpeleleza kila mpishi. Amepewa kuuliza pale palipo na sababu ya kuuliza.

Na sababu hizo ni zipi? Kwanza ni hicho kibao cha mlangoni. Neno "halali" likiandikwa na mwenye duka si ushahidi wa kutosha, kama vile neno "safi" juu ya kisima halisafishi maji yake. Kenya lipo shirika la Kenya Bureau of Halal Certification, likagualo na kutoa vyeti; basi mtu aombe kukiona cheti, asome jina la aliyepewa na tarehe yake. Pahali padogo pa Waislamu huenda pasiwe na cheti chochote, na chakula chake kikawa hakina shaka. Pili ni jiko lenyewe. Nyama ya ng'ombe na mbuzi yaweza kuwa imechinjwa na Mwislamu, kisha ikachomwa juu ya wavu uliochomewa soseji za nguruwe, au viazi vikakaangwa katika mafuta yayo hayo. Katika mapishi ya Kichina baadhi ya michuzi hutiwa mvinyo wa mchele. Aulizaye "Je, nyama yenu ni halali?" hujibiwa "Ndiyo" kwa wepesi. Aulizaye "Mwapika nguruwe jikoni humu? Mwauza pombe?" hupata jawabu ya kweli zaidi, kwa kuwa mtumishi haoni aibu kuijibu. Na suala hilo laweza kuulizwa kwa simu, mchana, kabla ya kuwatoa wazee nyumbani.

Kwa ajili ya wenzetu wapandao garimoshi la Madaraka, lililoanza mwaka 2017, na kushuka Syokimau baada ya saa nyingi za safari, twataja machache ya Nairobi. Mtaa wa Islii ndio wepesi zaidi kwa mtu wa pwani. Mikahawa ya Wasomali huko ni mingi. Wali wao wa viungo, nyama ya mbuzi na ya ngamia, na ndizi mbivu iliwayo pamoja na wali, havitamshangaza mtu wetu. Baadhi yake hutenga pahali pa familia, na wakiombwa huleta sinia moja watu wakale pamoja kwa mkono, jambo ambalo wazee wetu hulipenda kuliko sahani na uma. Taabu ya Islii ni njia: jioni magari husongamana sana, na mwenye mgonjwa atangulie mapema.

Akaaye katikati ya mji na aanze karibu na Msikiti wa Jamia, uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933. Baada ya sala awaulize waumini wa hapo wao hula wapi na watoto wao. Jawabu ya mtu atokaye msikitini na mwanawe mkononi hushinda tangazo. Kule Parklands lipo jengo la Diamond Plaza, ambamo vibanda vingi vya vyakula vya Kihindi vimekaa pamoja. Watumishi wa vibanda humzunguka mgeni, kila mmoja na orodha yake, na mwenye haya hujikuta amekubali wa kwanza aliyemfikia. Asikubali. Akae, apumue, awaulize mmoja mmoja.

Na ikiwa shaka haikuondoka, samaki hahitaji kuchinjwa, japokuwa kikaango chake chahitaji kuulizwa. Mtu wa pwani asitarajie changu wala nguru wa kwao. Samaki wa huko aghlabu ni wa ziwani, na ladha yake yataka kuzoelewa. Wahindi wasiokula nyama nao wana mikahawa mizuri upande wa Ngara na Parklands.

Juu ya wakati: Magharibi ya Nairobi huingia baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja, mwaka mzima. Ni afadhali kusali kwanza kuliko kuagiza kisha kuhangaika kutafuta pa kutawadhia hali wali wapoa. Juu ya fedha: pahali pengine bei iliyoandikwa haikutiwa kodi ya asilimia 16 wala malipo ya utumishi, na kwa watu tisa tofauti hiyo ni kubwa. Nalo laulizwa kabla.

Ndugu yetu alirudi Nairobi na mamake miezi mitatu baadaye, kwa daktari yule yule. Safari hii alipiga simu pahali patatu. Wa kwanza alisema wauza pombe, wa pili hakujua mafuta yake yakaangia nini, wa tatu alikuwa mama mmoja wa Islii, akamjibu yote, kisha naye akamwuliza: "Huyo mzee ana meno? Nimwambie mpishi ailainishe nyama?"