Gego la Mwisho Likitolewa Uzeeni: Mwongozo kwa Wazee wa Pemba na Wanaowatunza

Daktari wa meno akikwambia gego la mwisho litolewe, nawe umeshavuka miaka sitini, muulize kwanza linatolewa kwa sababu gani. Gego lililolala ndani ya taya miaka yote, haliumi, halitoi usaha wala halijaharibu jino la jirani, mara nyingi huachwa lilipo na kuangaliwa kila baada ya muda. Uingereza, kwa mfano, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2000 kwamba magego mazima yasiondolewe kwa kinga tu. Kwa mzee hoja hiyo ina uzito zaidi, maana ndiye atakayechelewa kupona.

Sababu za kweli zipo. Ufizi unaovimba na kutoa usaha mara kwa mara ni sababu. Gego lililooza, au linaloozesha jino la mbele yake, ni sababu. Na kuna jambo linalowashangaza wazee waliokwisha kupoteza meno yao: mfupa wa taya hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na gego lililojificha tangu ujana huanza kuchomoza chini ya meno ya bandia. Hapo kila tonge ni maumivu, na kulitoa ni bora kuliko kulivumilia.

Umri unaongeza nini? Magego haya kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25, mizizi yake ikiwa bado haijakomaa na mfupa ukiwa na ulaini kidogo. Uzeeni mizizi imekamilika, mfupa umekuwa mgumu, na mara nyingine mzizi umekaribiana na mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Ndiyo maana daktari hutaka picha ya eksirei kabla ya kushika kisu.

Watu wengi huuliza habari ya maumivu tu. Maumivu yana dawa. Kinachomchosha mzee ni mengine. Watafiti wa Muhimbili na wa Bergen, Norway, waliwahoji watu wa miaka 50 na zaidi wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliwauliza kama kinywa kinawazuia kula, kusema, kusafisha meno, kulala, kucheka mbele ya watu, kufanya kazi zao na kukaa na wenzao. Zaidi ya nusu walitaja angalau jambo moja, na kula ndiko kulikolalamikiwa zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, lakini maswali yenyewe yanafaa nyumbani. Anayemtunza mzee asimuulize tu "unaumwa?" Wazee wetu wengi watajibu "alhamdulillahi" na mjadala umekwisha. Amuulize amekula nini, amelala saa ngapi, na kwa nini jana hakutoka barazani.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla. Chukua vidonge vyote unavyotumia, na maboksi yake, umwoneshe daktari. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au aspirini, usiziache kwa uamuzi wako: kiharusi ni kibaya kuliko jino kutoka damu. Waliowahi kuchomwa miale ya saratani kichwani au shingoni, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, waseme mapema, kwa sababu mfupa wa taya zao unaweza kukataa kupona. Presha ikifika 180 kwa 110, jino lisilo la dharura husubiri mpaka ishuke. Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi, ale na anywe dawa zake kama kawaida, isipokuwa ameelekezwa vingine.

Kisha kuna safari. Uliza hospitali ya karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee ya Mkoani, kama upasuaji wako unafanyika hapo au utapelekwa Mnazi Mmoja, Unguja. Ikiwa ni Unguja, panga mahali pa kulala siku mbili tatu na mtu wa kufuatana naye. Kupanda meli na shashi ya damu mdomoni, bahari ikichafuka na mtu akitapika, ni kujitafutia balaa. Wa Kojani na Makoongwe nao wafikirie watavukaje usiku damu ikianza tena.

Siku ya kwanza kazi ni moja: kulilinda donge la damu lililoziba shimo. Ng'ata shashi nusu saa hadi saa moja bila kuchungulia kila dakika. Usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usisukutue. Hapa wazee huuliza habari ya udhu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi Pemba wanayafuata, kusukutua ni sunna, si faradhi, kwa hiyo kukuacha siku hiyo hakuharibu udhu. Kichwa kikigonga ukisujudu, au damu ikarudi, sali umekaa. Ruhusa ya mgonjwa ipo, na shehe wako atakufafanulia. Kama ni Ramadhani, zungumza naye kabla, kwa sababu dawa na maji utavihitaji mchana.

Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, kila baada ya kula. Tambuu, ugoro na sigara viwekwe kando wiki nzima angalau. Najua kumnyang'anya bibi kijaluba chake si jambo dogo, lakini tumbaku huchelewesha kidonda, na chokaa hukichoma.

Sasa karafuu. Pemba hakuna nyumba isiyoijua, na pale Wawi kuna kiwanda cha ZSTC kinachokamua mafuta ya makonyo. Ndani ya mafuta hayo mna eujenoli, dawa inayotuliza jino, na madaktari wa meno wenyewe huitumia duniani kote. Lakini wao huichanganya na kuipima. Mafuta matupu huunguza nyama ya kinywa, na karafuu iliyosagwa ikitiwa kwenye shimo bichi huliondoa lile donge tunalolilinda. Maumivu yakipungua, kisha siku ya tatu au ya nne yakarudi makali mpaka sikioni na kinywa kikanuka, huenda donge limetoka na mfupa uko wazi. Rudi hospitali. Huko shimo litasafishwa na kuwekwa dawa, mara nyingi hiyohiyo yenye eujenoli.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli inatosha wengi: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mzee aliye chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, apangiwe kiwango kidogo zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kama njugu zinaweza kuumiza figo na tumbo la mzee mwenye presha. Asizinywe bila kuandikiwa. Na yale mabaki ya amoksilini kabatini yaacheni hukohuko.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Chakula kiwe laini, kisiwe cha moto: uji, viazi au muhogo wa nazi uliopondwa, samaki aliyetolewa miiba, supu iliyopoa, ndizi mbivu. Urojo usubiri, una ndimu na pilipili. Mzee asiyekula siku mbili hulegea, na mwenye kisukari sukari inaweza kumshuka akiendelea na dawa bila chakula. Nendeni hospitali bila kungoja asubuhi kama damu haikomi baada ya kuibana nusu saa mara mbili, kama homa imepanda, uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, au mtu anashindwa kumeza au kupumua vizuri.

Vijana wengi huwa wamerudi kwenye shughuli zao baada ya wiki. Mzee ajipe wiki mbili au zaidi, na asihesabu kuchelewa huko kuwa ni ugonjwa. Wiki ya tatu ina mtego wake: maumivu yamekwisha, hamu ya kula imerudi, na taya bado halijajaza mfupa. Ni nadra, lakini taya limewahi kuvunjika wakati huo kwa watu wa makamo na wazee, wengi wakiwa wanatafuna kitu kigumu. Kashata, miwa, mkate wa mofa mkavu na mifupa ya kuku vingoje mpaka daktari aruhusu. Ukisikia mlio wa kukatika na meno yakawa hayakutani vizuri, nenda ukapigwe picha.

Mdomo wa chini ukibaki na ganzi baada ya siku ya kwanza, mwambie daktari aandike tarehe na sehemu yenye ganzi. Kwa wengi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi, na kwa wachache sana hairudi. Wakati huo onja chai kwa upande mzima kwanza, usije ukaungua bila kujua. Meno ya bandia yasivaliwe juu ya kidonda. Ufizi ukishatulia yatahitaji kupimwa na kurekebishwa upya, kwa hiyo ulizia gharama hiyo mapema, kabla hujakubali kupasuliwa.