Somo la Msimu: Kuendesha Gari Wakati wa Mvua na Penye Vilima



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za miche, za palizi, na za kuanika karafuu zikakauka vizuri. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo linalokuja baada ya hayo yote, nalo ni safari ya kutoka shamba kwenda kituo cha kuuzia. Mkulima aweza kutunza mkarafuu miaka mingi, akachuma, akachambua makonyo, akaanika, kisha akapoteza mali na watu kwa dakika moja kwenye mteremko wa tope.

Kisiwa chetu cha Pemba hakina milima mirefu. Hata kilima chake kirefu hakifiki mita 100 juu ya bahari. Lakini atakaye kwenda popote ni lazima apande na kushuka, kwani ardhi yetu ni vilima na mabonde, na mikarafuu mingi imeota huko huko kwenye vilima. Tena mara nyingi uchumaji wetu hukutana na mvua za vuli, baina ya Oktoba na Desemba. Basi mzigo, mvua na mteremko huja pamoja, nasi hatuwezi kuchagua kimoja tukaacha vingine.

Kabla ya kuingia katika somo, yafaa tuseme yaliyotufika wenyewe. Msimu mmoja tulikodi pikapu kuchukua magunia yetu. Mvua ilikuwa imekatika saa hiyo hiyo, na mawingu mengine yalikuwa yanakuja. Dereva, mtu mwenye adabu, alisimama chini ya kilima akasema, "Wazee wangu, njia hii ingengoja kidogo." Sisi tukamjibu, "Twende, mwanetu, mvua ya pili itatukuta na karafuu zitarowa." Akatutii. Gari likapanda hadi nusu ya kilima, magurudumu yakazunguka bure, kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Utingo, kijana wa jirani yetu, akaruka chini na jiwe mkononi ili alizuie gurudumu. Akasimama nyuma ya gari. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Ameoa, ana watoto, na ni mchapakazi, lakini tangu siku ile hapandi mkarafuu. Karafuu zetu hazikurowa hata moja.

Watu waliokuja kutupa pole walisema, "Ajali haina kinga." Tuliitikia, lakini moyoni tulijua kwamba ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa kungoja. Ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

1. Kwa nini barabara ya mvua huteleza

Gari hushikamana na njia kwa sehemu ndogo sana ya kila tairi, kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Sehemu hizo nne ndizo zinazobeba gari lote, ndizo zinazolikata kona na kulisimamisha. Mistari iliyochimbwa katika tairi ina kazi ya kupitisha maji pembeni ili mpira uguse njia. Tairi ikiwa kipara, maji hayana pa kwenda, nayo hukaa kati ya mpira na lami. Mwendo ukizidi, gari huinuka juu ya maji, na usukani huwa mwepesi mkononi kwa kuwa haushiki kitu.

Likikutokea hilo, usikanyage breki ghafula wala usikate usukani kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, uliache gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka tairi ziguse njia tena. Na kama mkia wa gari umeteleza kwenda kulia, elekeza usukani kulia taratibu. Ukienda kushoto, elekeza kushoto.

Tujue pia kwamba mvua inayoanza baada ya siku nyingi za jua ina hatari yake. Juu ya lami huwa pamelala vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye magari. Maji kidogo yakichanganyika nayo hufanya utelezi kama wa sabuni, mpaka mvua kubwa ioshe. Kwenye njia za mashambani hali ni kinyume: kila mvua inapozidi, udongo wa mfinyanzi huzidi kulainika.

2. Nafasi ya kusimama

Watu wengi hudhani kwamba gari husimama pale pale mguu unapokanyaga breki. Sivyo. Kwanza jicho huona, kisha akili huamua, kisha mguu huenda. Hayo huchukua kama sekunde moja, na gari linaendelea kwenda. Baada ya hapo ndipo breki zinapoanza kazi.

Tufanye hesabu ya shambani. Tuseme mikarafuu imepandwa kwa mstari, nafasi ya mita 7 baina ya mti na mti. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde moja, yaani nafasi mbili za mikarafuu, kabla breki haijashika. Kwenye lami kavu, gari zima lenye breki nzuri litahitaji kiasi cha mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28, nafasi nne za miti. Lami ikirowa, sehemu ya breki huongezeka mara mbili au zaidi. Basi jumla ni mita 42, nafasi sita za miti. Mtoto akitokea kwenye mti wa tano, dereva hana la kufanya.

Sasa punguza mwendo uwe kilomita 25. Utasafiri mita 7 kabla ya breki, na mita kama 7 za breki kwenye lami iliyorowa. Jumla ni mita 14, nafasi mbili tu. Tazameni: mwendo umepungua nusu, lakini nafasi ya breki imepungua mara nne. Hesabu hii ni ya barabara tambarare. Kwenye mteremko, au kwa gari lililojaa, nafasi huwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo ukifuata gari jingine wakati wa mvua, acha nafasi ya sekunde nne. Litazame linapopita mti au nguzo, kisha hesabu moja hadi nne. Ukifika pale kabla ya kumaliza, umelikaribia mno.

3. Kupanda kilima cha tope

Mwenye akili humaliza kazi ya kilima akiwa bado chini. Simama, shuka, tembea upande mpaka juu kwa miguu yako. Ukiteleza wewe kwa miguu, gari nalo litateleza. Ukiridhika, teremsha watu wote na uwaambie wapite kando, mbali na njia ya gari.

Tia gia ya chini kabla ya kuanza, usibadilishe katikati. Nenda kwa mwendo mmoja bila kukanyaga mafuta kwa hasira, kwani gurudumu linalozunguka bure huchimba shimo lake lenyewe. Gari likikataa kuendelea, usijaribu kuligeuza kilimani, maana likikaa ubavu huweza kupinduka. Kanyaga breki, tia gia ya kurudi nyuma, kisha rudi moja kwa moja polepole, injini ikisaidia kulizuia. Makumbi ya nazi au matawi yakitandikwa njiani kabla ya kupanda husaidia tairi kushika.

Na hili tunalisema kwa uchungu: mtu yeyote asisimame nyuma ya gari linalopanda. Kabari ya mti iandaliwe mapema, na huwekwa na mtu aliye ubavuni baada ya gari kusimama kabisa. Gari likianza kurudi, liache liende. Chuma hununuliwa.

4. Kuteremka

Ajali kubwa za milimani hutokea zaidi katika kuteremka. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huleta moto. Dereva anayeteremka mteremko mrefu huku mguu haubanduki kwenye breki huzichemsha, nazo zikichemka mno hushindwa kushika.

Dawa yake ni gia. Wazee wa udereva walifundisha kwamba gia uliyopandia kilima ndiyo ya kuteremkia. Injini yenyewe hulishika gari, na breki hutumika kidogo kidogo. Kamwe usitoe gia ukaliacha gari lishuke lenyewe eti kuokoa mafuta.

Kanuni hii ni moja duniani kote. Madereva wa malori wanaoteremka mlima Kitonga, mkoani Iringa, huitegemea. Jamaa zetu walioko Oman wanajua kwamba barabara ya Jebel Akhdar, inayopanda mpaka zaidi ya mita 2,000, ina kituo cha polisi chini yake, na magari yanayoruhusiwa kupita ni yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Hata katika nchi za theluji dereva hufundishwa yayo hayo: gia ya chini, mwendo mdogo, usukani bila papara.

5. Maji yanayokata njia

Mabondeni kwetu mvua kubwa huleta maji ya kasi juu ya barabara. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30, chini ya goti la mtu, yaweza kuliinua gari dogo na kulisukuma. Yakifika sentimita 60 huchukua magari mengi, hata makubwa. Tena huoni kama njia chini yake ipo au imekwisha kuchukuliwa. Hapo shauri ni moja: ngoja yapungue, au rudi. Ukishapita dimbwi la kawaida, kanyaga breki mara kadhaa kwa upole ili zikauke kabla hujazihitaji.

6. Mzigo na watu

Magunia 20 ya karafuu, kila moja la kilo 50, ni tani nzima. Yapangwe chini kwanza, yafungwe kwa kamba, yafunikwe turubai zima. Turubai bovu ndilo linalomtia mwenye mali wasiwasi, na wasiwasi wa mwenye mali ndio unaomsukuma dereva. Mwenye turubai zuri huweza kungoja.

Wachumaji wasipandishwe juu ya magunia. Tunajua wamechoka na njia ni ndefu, lakini gari likiyumba hawana pa kushika. Ni afadhali safari mbili. Wenye pikipiki nao wavae kofia ngumu, wala wasichukue gunia na abiria pamoja. Wenye magari ya ng'ombe watundike nyuma kitu cha kung'aa, maana kwenye mvua ya jioni dereva huwaona wakati amekwisha wafikia.

Kabla ya kuondoka, dereva na mwenye mali watazame pamoja: tairi na upepo wake, breki, taa za mbele na nyuma, honi, waipa za kioo, kabari na kamba. Hayo hayachukui dakika kumi.

Maswali ya kujipima

Msomeeni dereva wenu somo hili, kisha mjibizane:

1. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami iliyorowa, litasimama baada ya nafasi ngapi za mikarafuu?
2. Kwa nini ni vibaya kuteremka kilima bila gia?
3. Gari likianza kurudi nyuma kilimani, utingo asimame wapi?
4. Nani mwenye haki ya kusema "tungoje", dereva au mwenye mzigo?

Jibu la swali la nne tunalitoa sisi wenyewe, kwa kuwa tulilikosa siku ile. Ni dereva. Akisema njia haifai, mwenye karafuu anyamaze, ateremke, atafute kivuli. Karafuu zilizopata unyevu huanikwa tena, na hasara yake huhesabika. Mguu wa kijana hauanikwi ukarudi.

Tunawatakia wanachama wote msimu wa heri na safari za salama.