Bei ya kifurushi imepanda, GB zimepotea

SWALI: Naishi Robanda, Serengeti. Kifurushi cha ruta ya nyumbani kimepanda bei ghafla, na GB nilizobakiza zimepotea. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. GB zinazobaki zinaweza kuokolewa. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mwaka 2021 zinakuruhusu kuendelea kuzitumia, mradi ununue tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Ukichelewa hata dakika chache, zimekwenda.

Kuhusu bei, usinyamaze: Aprili 2021 vifurushi vipya vilisitishwa baada ya wananchi kulalamikia bei. Tunza ujumbe wa malipo, lalamika kwanza kwa kampuni, udai namba ya lalamiko. Wakikupuuza, lipeleke TCRA. Ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.