Mguu wa Mama Umevimba, Jirani Anataka Kuukanda



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Carama. Mama yangu ni mtu wa Ijenda, amechuma chai tangu ujana wake. Kila ifikapo Juni mpaka Agosti, mikono na miguu yake inakuwa baridi na kufa ganzi, usiku halali mpaka asogezewe mbabula ya makaa. Mwaka huu aliugua kifua, akalala kitandani wiki tatu hivi, ndipo tukamshusha Bujumbura.

Jirani yangu ni mkandaji anayeheshimika hapa mtaani. Alimkanda mama kwa mawese ya moto na tangawizi, na tangu siku ile mama analala vizuri, miguu ina joto. Jirani anasema damu ilikuwa imelala, sasa inaamka. Anataka aendelee kumkanda kila siku kwa mwezi mzima, kwa faranga elfu kumi kila mara. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye pesa, anasema huo ni ushirikina na kwamba mimi nilisoma bure. Tuligombana mbele ya mama. Alilia, akasema tumrudishe kwake akafie huko. Nikimwachisha jirani, namnyima mama nafuu aliyoipata. Nikiendelea, namkosa kaka.

Juzi pia mguu wake wa kushoto umevimba kwenye shavu, na unamuuma akikanyaga. Jirani anasema damu imekwama pale, kesho atakuja kuukanda kwa nguvu. Nifanye nini?

Binti wa Ijenda, Carama

*

Binti wa Ijenda,

Jambo uliloliweka mwisho wa barua ndilo nitakaloanza nalo. Mguu wa kushoto usikandwe kesho. Usikandwe kwa nguvu wala kwa upole, mpaka daktari auone. Mpeleke mama hospitali leo. Kutoka Carama, Roi Khaled ya Kamenge si mbali. Ukifika pale usiseme tu kwamba mama ana baridi ya miguu. Sema hivi: alikuwa mgonjwa wa kifua, amelala kitandani wiki tatu, na sasa mguu mmoja umevimba na unauma. Maneno hayo matatu yakikaa pamoja, daktari atajua la kutafuta.

Atatafuta kama kuna bonge la damu lililoganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Mtu akilala muda mrefu, hasa mtu mzima anayeugua, damu ya miguuni hupanda polepole, na mara nyingine huganda njiani. Mguu huo huvimba peke yake, huuma, na mara nyingi huwa na joto kuliko mwenzake. Ukiukandamiza kwa nguvu, bonge laweza kung'oka, likasafiri na damu hadi mapafuni na kumwua mtu. Huenda mama hana bonge lolote, na mimi siwezi kuona mguu wake kutoka hapa. Lakini wa kuamua hilo ni vipimo. Akianza kukosa pumzi, kuchomwa kifuani au kukohoa damu, msingoje asubuhi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu, maana nyote wawili mmeshika kipande cha ukweli.

Mwili ukipata baridi, hubana mishipa midogo ya ngozi, ya vidole kwanza, ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo, ini na mapafu. Ndiyo sababu vidole hupoa kabla ya tumbo. Kwa watu wengine mbano huo hupita kiasi: vidole vinakuwa vyeupe, kisha samawati, kisha vyekundu damu inaporudi. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud alilieleza jambo hilo mwaka 1862, na hali hiyo bado inabeba jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mama aliyezoea kushika majani ya chai yenye umande wa asubuhi anastahili kuulizwa kama vidole vyake hubadilika rangi namna hiyo.

Je, kukanda kunaendesha damu? Kunaiendesha, lakini si kwa kiasi anachokisema jirani. Mikono inaposugua ngozi, mishipa ya ngozi pale hufunguka, rangi huja na joto huja, kwa muda. Kwenye misuli ya ndani habari ni nyingine. Mwaka 1997 watafiti Shoemaker, Tiidus na Mader waliwakanda watu kumi wenye afya kwenye mkono na kwenye paja, huku wakipima damu ya mshipa mkubwa kwa mashine. Damu haikuongezeka. Watu hao hao walipofumba ngumi na kunyoosha goti kidogo tu, iliongezeka. Kwa upande wa pili, utafiti uliofanyika Chicago na kutolewa mwaka 2014 uliona kwamba watu wasiozoea mazoezi walipokandwa miguu, mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi ilipopimwa baadaye. Kwa hiyo kaka amekosea anaposema ushirikina, na jirani amekosea anaposema damu ilikuwa imelala. Damu ya mtu aliye hai hailali.

Kinachorudisha damu ya miguu kwenda juu ni misuli ya shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, misuli hiyo huibana mishipa iliyo kati yake, damu husukumwa kuelekea moyoni, na vilango vidogo vilivyo ndani ya mishipa huizuia isirudi chini. Mtu aliyelala wiki tatu amekosa kazi hiyo wiki tatu. Mkandaji mzuri anaweza kulegeza mguu uliokakamaa mpaka mwenye nao atamani kuutembelea, na hapo ameleta faida kubwa. Hawezi kutembea badala yake.

Kuna daktari mwingine aliyemtibu mama na hamkumtaja, naye ni Carama yenyewe. Ijenda iko juu ya mita 2,000. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi, na ninyi wa Carama mko juu yake kidogo tu. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi sita au zaidi kila ukipanda mita elfu moja. Mlipomshusha mama, mlimwongezea joto la nyuzi saba au nane usiku na mchana, mkamtoa kwenye upepo wa milimani, na akapata binti wa kumpikia. Miguu ingepata joto hata kama jirani angekuwa safarini. Usingizi nao una sababu zake: kuguswa kwa upole hutuliza, na sidhani kama kuna aliyemkanda mama miaka yote ile aliyotoka shambani akiwa amelowa. Hiyo ni nafuu ya kweli. Msimnyang'anye kwa sababu ya hoja.

Ukiwa hospitalini, uliza pia kwa nini miguu na mikono yake hupoa kila mwaka. Damu pungufu husababisha hivyo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo, mtu husikia baridi kuliko wenzake. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na propranolol, hupoza vidole, kwa hiyo beba vidonge vyote anavyomeza, lakini usimwachishe chochote bila daktari. Apimwe na sukari. Mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kuwa na ganzi ya nyayo, akaungua kwa maji ya moto au mafuta ya moto asisikie. Na kama shavu la mguu humuuma akipanda mlima, kisha maumivu yakaisha akisimama, huenda mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba. Liseme hilo nalo.

Daktari akisema hakuna damu iliyoganda na akaruhusu mama akandwe, fanyeni hivi. Mafuta yawe vuguvugu. Yajaribu kwanza kwa kiwiko chako. Mawese yanafaa kwa sababu yanateleza, na tangawizi huchangamsha ngozi tu, haina nguvu ya ziada. Anzia vidoleni, panda kuelekea goti kwa viganja vilivyolegea, dakika kumi kila mguu. Usipite juu ya kidonda wala mshipa uliotutumka. Akisema panauma, acha. Kisha aketi kitini na kunyanyua visigino, halafu vidole, mara ishirini, na atembee kidogo uani. Kazi hiyo wewe unaiweza, na hata mjukuu anaiweza, bila faranga elfu kumi kila siku.

Mlipe jirani kwa siku alizofanya, na umwambie kwa heshima kwamba daktari ndiye atakayesema lini mama akandwe tena. Mkandaji anayeijua kazi yake hatakasirika. Akikasirika kwa sababu umeupeleka mguu uliovimba hospitali, basi huyo si wa kumwachia mama yako.

Mama akirudi Ijenda, na ana haki ya kurudi kwake akipona, baridi itamsubiri pale pale. Avae kofia na sweta kabla ya kufikiria soksi, kwa maana kifua kikiwa na joto, mwili hauna haja ya kuvinyima vidole damu. Soksi ziwe za sufu, zisimbane. Alalapo, awekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, mbali kidogo na ngozi. Na mbabula isilale naye kwenye chumba kilichofungwa hata usiku mmoja. Moshi wa makaa usioonekana wala kunusika huua watu waliolala, na haungoji msimu wa baridi uishe.

Machozi ya mama hayakutoka kwa sababu ya mawese. Alisikia watoto wake wakibishana juu ya gharama yake, naye yuko pale pale. Mwombeni radhi pamoja, wewe na kaka, kisha mgawane kazi. Wewe una mikono na uvumilivu. Kaka ana pesa na anasema anaamini sayansi, basi mpe kazi ya kisayansi: leo akodi gari mpaka Kamenge, alipie vipimo, na akirudi apitie sokoni anunue sweta, kofia na jozi mbili za soksi.