SOMO LA WANACHAMA: KUOTESHA OKIDI NYUMBANI KATIKA CHUNGU CHENYE AKIBA YA MAJI

Madhumuni ya somo hili ni kuwaeleza wanachama jinsi ya kuotesha maua ya okidi nyumbani bila udongo, na kuwasaidia makatibu kuamua kama jambo hili lafaa kuingizwa katika miradi ya chama. Lisomwe katika kikundi, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. Okidi ni mmea wa namna gani?

Aina za okidi duniani zimepita 25,000. Baadhi huota ardhini, lakini nyingi za nchi za joto huota juu ya miti. Hizo za mitini si vimelea: hukaa juu ya gome tu, wala hazinyonyi utomvu wa mti. Chakula chao hutoka katika mvua, umande na takataka za majani zinazonasa kwenye matawi.

Mizizi ya okidi hizo imevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sifongo. Mvua inyeshapo, ngozi hiyo hunywa maji upesi na rangi yake hugeuka kijani; mvua ikatikapo hukauka na kuwa nyeupe tena. Basi mzizi huu umezoea kupata maji na hewa pamoja. Mtu akiupanda katika udongo wa shambani na kuumwagilia kila siku kama mchicha, hewa hukosekana na mizizi huoza. Majani hunyauka, naye mwenye mmea hudhani kuwa una kiu, akazidisha maji. Hapo maji yamezidi unga. Okidi nyingi zinazonunuliwa kwa fedha nzuri hufa kwa sababu hii.

2. Njia ya akiba ya maji

Katika njia hii, inayoitwa nusu-haidroponiki, mmea huwekwa katika chombo kilichojazwa kokoto nyepesi zenye vinyweleo. Chini ya chombo pana akiba ndogo ya maji. Kokoto huyapandisha maji polepole kama utambi upandishavyo mafuta ya taa, na nafasi zilizo baina ya kokoto hubaki na hewa. Hivyo mizizi hupata vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kokoto zitumikazo sana katika nchi za ng'ambo ni za udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi hadi ukavimba. Mahali zisipopatikana, jiwe jepesi la volkano laweza kufaa. Huko Naivasha, nchini Kenya, wakulima wa maua wamelitumia kuoteshea mawaridi bila udongo. Vipande vya tofali lililoiva vyaweza kujaribiwa pia. Vilowekwe kwanza siku nzima: vikigeuka tope, havifai. Vipande vya saruji na mawe ya matumbawe visitumike, kwa kuwa vina chokaa.

Kabla ya kupanda, chombo kijaribiwe. Kijazwe kokoto, maji yatiwe hadi kwenye matundu, kisha kiachwe hadi kesho yake. Kokoto za katikati zikiwa na unyevu, zafaa. Zikiwa kavu, hazipandishi maji.

3. Hatua za kufuata

(a) Kitafutwe kopo la plastiki lenye kina cha sentimeta 12 hadi 15. Kwa msumari wa moto, yatobolewe matundu mawili ubavuni, sentimeta 2 hadi 3 kutoka chini. Kitako kisitobolewe.

(b) Kokoto zenye ukubwa wa sentimeta moja hivi zioshwe hadi vumbi liishe, kisha zilowekwe siku moja.

(c) Usubiriwe wakati mmea unapotoa mizizi mipya yenye ncha za kijani. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mizizi iliyokulia pakavu mara nyingi haivumilii unyevu wa daima, nayo hufa. Mizizi inayoota ndani ya kokoto ndiyo inayozoea hali hiyo. Mmea uliohamishwa ukiwa hauna mizizi mipya waweza kubaki bila mzizi wowote.

(d) Maganda au udongo wa zamani uondolewe wote. Mizizi laini ya kahawia ikatwe kwa kisu kilichopitishwa motoni; iliyo migumu iachwe.

(e) Mmea uwekwe shina lake likiwa usawa wa kokoto za juu, lisifukiwe, kisha kokoto zijazwe kuzunguka mizizi.

(f) Maji yamiminwe kwa juu hadi yatoke matunduni. Yarudiwe akiba inapokaribia kwisha. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi.

(g) Kokoto hazina chakula. Kwa hiyo mbolea ya kuyeyuka itiwe katika maji, kiasi cha robo ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila mwezi mara moja chungu kisafishwe kwa maji matupu mengi ili chumvi ya mbolea isirundikane.

Chungu kikae penye mwanga mwingi, lakini si kwenye jua kali la mchana. Kokoto zenye maji hupoa; kwa hiyo katika nyanda za juu, wakati wa baridi ya Juni na Julai, chungu kiwekwe mahali penye joto. Kisahani cha maji kisiachwe chini ya chungu, maana ni mazalio ya mbu.

4. Okidi zitoke wapi?

Hapa chama hakina budi kuwa na msimamo. Okidi za mwitu zisibanduliwe mitini wala kung'olewa ardhini. Katika uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Uwanda huo ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Aidha, okidi zote zimo katika Mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Kuzivusha mpaka kwahitaji kibali. Chama kitakachouza mimea iliyoporwa msituni kitajitia hatiani, na msitu utabaki mtupu.

Mimea inunuliwe kwa wakulima wa bustani, kisha iongezwe kwa kugawanywa. Okidi zenye mashina manene yaliyofuatana, kama Dendrobium, hugawanywa kila fungu likiwa na mashina matatu au zaidi. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na huhitaji maabara. Mche wa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua.

5. Kazi ya katibu

Fedha za wanachama zisitumiwe kwa sifa za jambo jipya. Kwanza mwanachama mmoja au wawili wajaribu. Mmea mmoja ugawanywe: fungu moja lipandwe kwa maganda ya miti na mkaa, jingine kwa kokoto. Katika daftari iandikwe tarehe ya kuhamisha, siku za kutia maji, mizizi mipya, maua, na kila senti iliyotumika. Baada ya mwaka mmoja daftari lisomwe mkutanoni, pamoja na taarifa ya wanunuzi waliopo na bei yao. Hapo ndipo kura ipigwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini okidi yenye maji mengi huweza kunyauka kama yenye kiu?
2. Ni kokoto gani zipatikanazo karibu na chama chenu, na zitajaribiwaje?
3. Mwanachama akileta okidi alizobandua msituni ili chama kiziuze, kamati ifanye nini?
4. Ni mambo gani yaonekane katika daftari la majaribio kabla ya chama kutoa fedha?