Maji mengi pia huua dansini

Oktoba 3, 1992, vijana walifurika katika uwanja wa barafu wa Thialf, mjini Heerenveen, Uholanzi, kwa dansi ya kwanza ya Thunderdome. Muziki wa hardcore hupigwa midundo 160 na zaidi kwa dakika. Anayeucheza hadi alfajiri hulowa jasho kama mchukuzi wa bandarini.

Kucheza kwenyewe si ugonjwa. Balaa huja kijana amezapo tembe za ekstasi. Dawa hii hupandisha joto la mwili na kuficha uchovu. Joto likipita sana nyuzi 40, misuli huharibika na figo hulemewa.

Basi rafiki humwambia, "Kunywa maji!" Shauri jema, lakini lina mpaka. Ekstasi huchochea homoni inayozuia figo kutoa mkojo. Maji yakizidi, chumvi ya damu hupungua na ubongo huvimba, nao fuvu halitanuki. Mwaka 1995 msichana wa miaka 18 nchini Uingereza alifariki hivyo, baada ya kuzimia nyumbani kwao, si dansini.

Hakuna tembe salama. Lakini aliyekwisha kumeza asipitishe nusu lita kwa saa, akinywa kidogo kidogo. Akiwa amepumzika, apunguze zaidi. Akiwaka joto, mtoeni nje, mpepeeni. Akiumwa kichwa sana, akitapika, akisema ovyo au akipatwa na kifafa, mkimbizeni hospitalini. Msifiche tembe kwa aibu. Mwelezeni daktari alichomeza na kiasi cha maji aliyokunywa, kwani dripu isiyofaa itamzidishia uvimbe.