Fanani na Hadhira katika Mitandao ya Kijamii

Swali: "Mitandao ya kijamii inaua fasihi simulizi." Jadili.

Watahiniwa wengi hukimbilia kuorodhesha faida na hasara. Anza na fanani mmoja. Mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimaasai, na dada yake Neema walijirekodi wakiwa wamevaa mashuka yao, wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wakaweka video hizo mtandaoni. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimtunuku. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja redioni. Sauti si yake, utunzi si wake. Vyake ni maleba, ishara na uchezaji, na vilitosha kumpatia hadhira ng'ambo ya bahari.

Sasa mlinganishe na mpiga litungu arusini huku Mugeta. Akiona wazee wanasinzia, hubadili wimbo. Akimwona mjomba wa bibi harusi, humtungia beti papo hapo. Video haiwezi: ikishawekwa, kila mtazamaji hupata ileile, na maoni huja baadaye. Kinachopungua ni ufaraguzi, si utendaji.

Andika hoja hiyo kwanza, mfano ufuate. Jina la Kili Paul peke yake halina alama.